Barua ya wazi kwa wanaosimamia kodi ya majengo Mwanza na Ilemela

Waheshimiwa Wakurugenzi wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, viongozi wa mamlaka ya mapato na wa shirika la umeme hapa mkoani, na madiwani wetu wote,

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa mlio rika langu, poleni na kazi.

Mimi ni mwenye nyumba Mabatini, kwenye mteremko unaotazama Mto Mirongo. Nyumba yangu ni ya kawaida, familia yangu upande mmoja, wapangaji upande wa pili. Kodi ya majengo nailipa kila mwezi kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kama mnavyoilipa nyinyi, na sina nia ya kuikwepa. Mji unahitaji mifereji, taa za barabarani, shule na mahali pa kutupa taka, na hivyo havijengwi kwa maneno. Ninachowaombeni ni mje mtueleze kodi hii huku tunakoishi, kwa lugha ya mtaani, mbele ya mwenyekiti na mtendaji wetu, mpaka mzee wa mwisho aelewe anakatwa nini, kwa nyumba ipi, na kama kweli anapaswa kukatwa.

Nasema hivyo kwa sababu katika mikutano ya mtaa suala hili likiguswa tu, kila mtu anakuja na lake. Mmoja anasema ni kodi ya umeme. Mwingine anasema ni ya mita. Wa tatu anaapa kwamba akishalipa hiyo hadaiwi tena kitu kwenye kiwanja chake. Wote watatu wamekosea, na si kosa lao, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwakalisha chini akawaeleza.

Kodi yenyewe imehamahama. Sheria yake ya mijini ni ya mwaka 1983, na kwa miaka mingi halmashauri ndizo zilizokuwa zikikadiria majengo, zikileta ankara na kukusanya. Mwaka 2016 kazi ya kukusanya ikapelekwa TRA, yaani mamlaka ya mapato. Hapo tukajifunza mambo ya namba ya malipo, na kila mwaka wa fedha ulipokaribia kwisha mwezi Juni watu walipanga foleni kuwahi. Nyumba ya kawaida ilikuwa inalipiwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kisha tarehe 20 Agosti 2021 makato yakaingia kwenye LUKU: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ikiwa ni ghorofa. Julai 2023 viwango vikapanda, vikawa 1,500 na 7,500. Maana yake kwa mwaka mzima nyumba ya kawaida ni 18,000, na ghorofa ni 90,000 kwa kila sakafu.

Kulipa kupitia LUKU kumeturahisishia, hilo nalikiri bila kinyongo. Hakuna foleni, hakuna kupoteza siku ya kazi, hakuna faini kwa kusahau. Lakini ankara ile ya karatasi ilikuwa na jina la mwenye nyumba, jengo na mwaka. Ikikosewa, ulikuwa na kitu cha kushika mkononi unapokwenda kulalamika. Sasa hivi kilichobaki ni ujumbe wa simu. Ukinunua umeme wa 5,000 mwanzo wa mwezi, ujumbe unaingia na tarakimu 20 za tokeni, chini yake uniti, VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (ya mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, na makato ya jengo. Nani anasoma mpaka chini? Mtu ananakili tarakimu zake 20, anabonyeza kwenye mita, taa inawaka, biashara imekwisha. Anachoona ni kwamba umeme umekuja kidogo. Kwa mteja wa kawaida anayenunua kwa shilingi 356 hivi kwa uniti, ile 5,000 ingempa uniti 14. Ikitolewa 1,500 kwanza, anapata chini ya 10. Na aliyefunga nyumba akaenda kijijini Magu au Kwimba kwa miezi kadhaa, akirudi anakuta miezi yote inamsubiri kwenye manunuzi ya kwanza. Hapo ndipo ugomvi unapoanza dukani kwa wakala, kijana wa watu anatukanwa kwa jambo asilolijua.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la mita, kwa sababu ndilo linalotuumiza zaidi sisi wenye nyumba za kupangisha.

Kodi hii ni ya jengo. Si ya mita, na si ya mtu anayenunua umeme. Lakini makato yanafuata mita, na huku kwetu nyumba moja kuwa na mita mbili, tatu, hata nne ni jambo la kawaida kabisa. Kila aliyewahi kuchangia LUKU na wapangaji wenzake anajua sababu. Mmoja ana friji na pasi, mwingine ana taa moja na redio, lakini kila wiki wanachanga sawasawa. Umeme unakatika saa mbili usiku, kila mmoja anasema zamu yake imepita. Watoto wanasoma kwa tochi ya simu huku wazazi wao wananuniana kwenye korido. Mwenye nyumba anayetaka amani anatoa fedha zake anaweka mita nyingine, kila mtu ajitegemee. Ni jambo jema. Sasa nyumba hiyo ikiwa na mita tatu na zote tatu zikakatwa, jengo lililopaswa kulipiwa 18,000 kwa mwaka linalipiwa 54,000. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ni mashine tu, haijui kwamba mita zile tatu zimo ndani ya ukuta mmoja, chini ya bati moja.

Utaratibu wa kuondoa makato kwenye mita za ziada ulitajwa mwaka 2021 mfumo ulipoanza: mwenye jengo atoe taarifa, ibaki mita moja inayokatwa. Nawauliza, ni wangapi Mabatini, Igogo, Bugarika, Kirumba na Nyamanoro wanaoujua? Mimi mwenyewe niliuliza kwenye ofisi moja nikaelekezwa kwenye nyingine, na hiyo nyingine ikanirudisha kule nilikotoka. Sitaji ofisi, kwa sababu sitaki mtumishi yeyote aonekane mbaya. Waliniongelesha kwa heshima. Ila nilichokiona ni kwamba kila upande unaamini kazi hiyo ni ya upande wa pili. Kodi inakusanywa na mmoja, mita ni za mwingine, jengo limo kwenye rejista ya wa tatu. Mwananchi anabaki katikati. Nawaomba mkae mezani, mwamue dirisha moja tu, kisha mtutangazie: nenda hapa, beba hiki na hiki, jibu utalipata ndani ya siku kadhaa. Bandikeni karatasi hiyo kwenye kila ofisi ya mtaa. Haitagharimu fedha nyingi.

Yapo pia yanayokwenda upande wa pili, na nitayasema maana nataka haki kwa wote. Kuna viwanja vyenye nyumba mbili au tatu zinazotumia mita moja. Hao nao waelezwe kwamba kila jengo lina kodi yake, walipe wakijua, badala ya kuja kushtukizwa na deni la nyuma.

Kuna na mpangaji. Akinunua umeme kwa mita ya chumba chake, yeye ndiye anayelipa kodi ya nyumba isiyo yake. Wapo wenye nyumba waungwana wanaorudisha ile 1,500 au kuipunguza kwenye kodi ya chumba. Wapo wanaosema hayawahusu. Mpangaji wa chumba kimoja, mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, hana ubavu wa kubishana na baba mwenye nyumba, maana mwisho wa ubishi huo ni kuambiwa atafute kwingine. Nawaomba mtoe tamko la maandishi, kurasa mbili zinatosha, linalosema wazi kodi ni ya mwenye jengo na mpangaji akikatwa ana haki ya kurudishiwa. Likibandikwa ofisini kwa mtendaji, mama huyo atakuwa na pa kushikilia, na sisi wenye nyumba tutakuwa na pa kuanzia mazungumzo.

Sasa wazee wetu. Hapa ndipo roho inaponiuma.

Sheria inamsamehe mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60, na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, kwa nyumba moja ya makazi anayoishi mwenyewe. Nyumba za ibada zimesamehewa, makaburi, maktaba za umma, hata nyumba za tope na za nyasi za kuishi. Mpangilio huo ni wa utu, na waliouandika wanastahili shukrani. Lakini msamaha haujifungui wenyewe kwenye mita. Lazima mtu auombe, na ili auombe lazima ajue kwamba upo.

Jirani yangu mmoja ni bibi aliyejenga na marehemu mumewe wakati mlima huu una nyumba za kuhesabika. Mawe ya msingi waliyabeba wenyewe. Leo hawezi kushuka mpaka barabarani bila kushikwa mkono, umeme ananunuliwa na mjukuu, na kila mwezi anakatwa kama mimi. Alipita miaka 60 zamani sana. Hakuna aliyemwambia. Mjukuu wake alipofuatilia aliambiwa alete kitambulisho cha Taifa cha bibi, na uthibitisho kwamba nyumba ni yake. Kitambulisho kipo. Uthibitisho wa nyumba ni kikaratasi cha mauziano kilichoandikwa kwa mkono, chenye jina la babu, na mashahidi wake wote wamekwishazikwa. Mlima wetu ulipimwa katika urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa, lakini kupimwa na kupata hati ni safari mbili tofauti, na ya pili ina gharama. Kwa hiyo bibi anaendelea kulipa kodi ambayo sheria ya nchi yake imemwambia asilipe. Kwa mtu mwingine 1,500 ni nauli ya kutwa. Kwa bibi huyu ni sukari na mafuta ya taa ya siku umeme unapokatika.

Mnayo njia ya kulimaliza jambo hili. Serikali ya mtaa inamjua bibi. Mjumbe anamjua. Mwaka 2022 nyumba zetu ziliwekewa namba katika operesheni ya anwani za makazi, vibao vipo hadi kwenye vichochoro vya kupandia mlimani. Tumieni barua ya mtendaji, namba ya nyumba, namba ya mita na kitambulisho. Siku moja kwa kila kata, ofisa wa mapato na ofisa wa umeme wakae pamoja na watendaji wa mitaa, wazee waletwe au wafuatwe majumbani, orodha ifungwe jioni. Na mtueleze wazi lile linalobishaniwa kila siku: mzee anayeishi nyumbani kwake lakini amepangisha chumba kimoja cha uani ili apate chakula, msamaha wake unabaki au unaondoka? Jibu lolote mtakalotoa, litoeni kwa maandishi.

Kwenye malipo ya ardhi nitapita haraka, ila ni lazima niyaguse kwa ajili ya wenzangu watakaosoma. Kodi ya pango la ardhi ni kitu kingine kabisa. Hiyo inamhusu mwenye kiwanja kilichomilikishwa, inategemea ukubwa wa eneo, matumizi na mahali kilipo, inalipwa kila mwaka kwa namba ya malipo, na ikicheleweshwa inazaa tozo. Makato ya LUKU hayaigusi. Wapo waliopata hati zao kwa furaha baada ya urasimishaji, wakaziweka kabatini, wakiamini LUKU inamaliza yote, na sasa wana malimbikizo. Siku mnayomkabidhi mtu hati, mkabidhini na karatasi ya maelezo. Na anayepangisha kwa kampuni au taasisi ajue kuna kodi ya zuio, inayokatwa na mpangaji huyo kabla ya kumlipa, ya asilimia 10 kwenye pango analolipwa, hiyo nayo ni ya kwake tofauti.

Narudi mlimani, maana Mwanza si Dodoma, na kipimo cha tambarare hakitufai.

Huku kwetu huwezi kujenga bila kupambana na mwamba. Upande wa juu unachonga jiwe, upande wa chini unapandisha ukuta wa mawe mpaka sakafu ikae sawa. Wakati mwingine ukuta huo unapita urefu wa mtu. Chini ya sakafu linabaki pango. Wengine hulijaza kifusi, wengine huweka mlango likawa stoo, au chumba cha kijana wa kiume. Ukisimama barabarani chini, unaona sakafu mbili. Ukipanda ukaja kwa mlango wa mbele, ni nyumba ya chini kama nyingine zote. Je, hiyo ni ghorofa? Jibu lina uzito wa fedha: nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, ya sakafu mbili ni 180,000. Mara kumi, kwa sababu ya mteremko ambao mwenye nyumba hakuuchagua kwa anasa, alikwenda pale kwa kuwa ndipo alipomudu kununua. Nawaomba wataalamu wenu wa majengo wapande waone, kisha mtoe kanuni iliyo wazi kwa nyumba za miteremkoni, kabla ya kila mkaguzi kuja na tafsiri yake.

Na kuhusu kiwango kimoja kwa wote, nitasema ninavyoamini. Nyumba ya chini yenye bustani na uzio kule Capri Point, inayotazama ziwa, inalipa 1,500 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba viwili juu ya jiwe Mabatini, ambako maji yanabebwa kichwani na jeneza linashushwa kwa mabega kwa kuwa gari halifiki, inalipa 1,500 hiyo hiyo. Kiwango kimoja ni rahisi kukusanya, na kukadiria thamani ya kila nyumba ni kazi kubwa na yenye vishawishi, hilo nalielewa. Lakini kati ya hayo mawili kuna njia: kugawa mji kwa maeneo, kwa kuangalia barabara, maji, mifereji na bei ya viwanja. Kodi ya pango la ardhi tayari inatofautiana kwa eneo. Wabunge wetu wa Nyamagana na Ilemela walibebe hili, maana viwango vinapangwa Dodoma.

Mwisho ni fedha yenyewe inakwenda wapi. Zamani jibu lilikuwa fupi: inakwenda halmashauri. Leo inakatwa kwenye umeme na kuingia serikalini, barabara zetu za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017, maji yana mamlaka yake, taka zina ada yake ambayo tunailipa mlangoni. Mwananchi hawezi kuunganisha ile 1,500 na kitu chochote anachokiona. Na bado vipo vya kuona. Barabara za mawe zilizojengwa kwenye baadhi ya milima yetu ni kazi nzuri kuliko nyingi nilizoziona maishani: mawe ni ya hapa hapa, vijana wa hapa walipata kibarua, mvua haizichukui kama ilivyokuwa ikichukua udongo na kuupeleka Mirongo, hadi mto unafura na kuingia majumbani mwa walioko bonde la chini. Kama kodi ya majengo imechangia hata mita mia moja za barabara hiyo, tuambieni. Watu watalipa kwa moyo mwingine.

Kwa hiyo tangazeni kila mwaka, kwa Jiji na kwa Ilemela, kiasi kilichokatwa kwa ajili ya majengo, kiasi kilichorudi kwetu, na kilifanya kazi gani katika kata ipi. Madiwani waisome taarifa hiyo kwenye vikao vya kata, ibandikwe ukutani kama yanavyobandikwa matangazo ya chanjo na ya uchaguzi.

Mtaani kwetu tumekwishamwomba mwenyekiti aiweke kodi ya majengo kuwa ajenda katika mkutano ujao. Tunaomba mlete maofisa wenye mamlaka ya kujibu na kuamua papo hapo, si wa kuja kuchukua maoni. Sisi tutakuja na jumbe zetu za LUKU, namba za mita, vitambulisho vya wazee na vibao vya nyumba tumeviandika pembeni. Wale wasioweza kushuka, mjumbe ameanza kuwaorodhesha.

Wenu katika ujenzi wa mji wetu,

Mwenye nyumba, Mabatini, Mwanza